MALI BILA DAFTARI: SOMO LA TOPE JEKUNDU LA ALUMINI

Mnamo tarehe 3 Julai 2023 Serikali ya China ilitangaza kwamba, kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo, hapana kampuni itakayoruhusiwa kupeleka nje madini ya galiamu bila ya kibali maalumu. Wananchi wengi walioisikia habari hiyo redioni waliiacha ipite, kwa kuwa jina lenyewe halijulikani sokoni wala shambani. Nchi zenye majeshi makubwa hazikuiacha ipite. Na ilipofika tarehe 3 Desemba 2024, China ikaikaza kamba zaidi: ikapiga marufuku kabisa kuipelekea Marekani galiamu. Marufuku hiyo ilisimamishwa mwezi Novemba 2025, baada ya mazungumzo ya nchi hizo mbili, nayo ilisimamishwa kwa muda tu, hadi tarehe 27 Novemba 2026.

Tunaileta habari hii mbele ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba galiamu ni madini ya ulinzi: rada zinazotazama anga, simu za upepo za masafa marefu na mitambo ya setilaiti huihitaji. Ya pili, ambayo kwetu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba galiamu haichimbwi katika mgodi wake yenyewe. Hupatikana katika viwanda vinavyosafisha udongo wa alumini, ndani ya maji na matope ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa taka. Nchi iliyoshika karibu galiamu yote ya dunia haikuipata kwa kuteka ardhi ya mtu, wala kwa kugundua mlima mpya wa madini. Iliokota kile ambacho wengine walikuwa wakikiacha kiende zake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba taka ya viwanda vya alumini ni mali ya namna hiyo. Isipoandikwa katika daftari na kuwekewa mlinzi, hupotea. Na mara nyingine haipotei peke yake, bali huondoka na roho za watu.

TAKA HII INAVYOZALIWA

Sufuria ya jikoni kambini, mestini ya askari, waya wa umeme unaopita juu ya nguzo na bawa la ndege, vyote asili yake ni udongo mmoja uitwao boksiti. Aghalabu ni mwekundu, nao hupatikana kwa wingi katika nchi za joto. Alumini haitoki katika udongo huo kwa moto peke yake, kama chuma kitokavyo katika tanuri la mhunzi. Mwaka 1888 mwanakemia wa Austria, Carl Josef Bayer, alipata hataza ya njia inayotumika mpaka leo. Boksiti husagwa, ikachanganywa na maji ya moto yenye soda kali, ile ambayo watengenezaji wa sabuni huiita kostiki. Soda hiyo huyeyusha sehemu yenye alumini, ikaacha chini chuma, mchanga na titani. Maji yaliyochujwa hupoozwa ili yatoe unga mweupe uitwao alumina. Na unga huo ndio unaopelekwa katika mitambo ya umeme mkubwa kuwa alumini.

Kwa kawaida tani nne hadi tano za boksiti hutoa tani mbili za alumina, na tani mbili hizo hutoa tani moja ya alumini. Kinachobaki chini ni tope jekundu, na wekundu wake ni kutu ya chuma. Kila tani moja ya alumina huacha nyuma yake tani moja au moja na nusu ya tope hilo. Dunia nzima hutoa takriban tani milioni 180 kwa mwaka, na inakadiriwa kwamba tani zipatazo bilioni 4 zimekwisha kurundikana tangu viwanda hivi vilipoanza.

Tope hilo limelowa soda iliyotumika, na kwa hiyo lina ukali wa kuunguza ngozi na kuua samaki. Kiwanda cha Gardanne huko Ufaransa, miongoni mwa viwanda vya kwanza vya namna hii duniani, kililimwaga katika bahari ya Mediterania kwa kupitia bomba tangu miaka ya 1960 hadi mwisho wa mwaka 2015. Wengine wengi walichimba mabwawa makubwa, wakayazungushia kuta za udongo na majivu, wakalijaza tope humo, wakaenda zao.

SIKU YA AJKA

Nini hutokea mali hii inapokosa mlinzi? Tuitazame nchi ya Hungaria.

Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2010, muda mfupi baada ya saa sita za mchana, pembe ya ukuta wa bwawa namba 10 la kiwanda cha alumina karibu na mji wa Ajka ilipasuka. Tope na maji makali, ya ujazo unaokadiriwa kuwa kati ya mita laki sita na mita milioni moja, vilishuka bondeni kwa wimbi lililofika kimo cha mtu. Kijiji cha Kolontár kilikuwa chini yake tu, na baada yake mji mdogo wa Devecser. Watu kumi walikufa. Zaidi ya mia moja walijeruhiwa, wengi wao kwa kuunguzwa na soda. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 40 lilifunikwa na wekundu. Kijito cha Torna kilibeba sumu hiyo hadi mto Marcal, ambamo viumbe vyote vilikufa, na katika siku ya tatu alama zake zilionekana katika mto mkubwa wa Danube.

Waliokwenda mbele siku hiyo walikuwa wazima moto, polisi na wanajeshi. Serikali ilitangaza hali ya hatari katika mikoa mitatu. Jasi ilimwagwa mtoni kwa wingi ili kuupunguza ukali wa soda kabla maji hayajafika Danube. Wahandisi wa jeshi walitandika daraja la muda juu ya kijito huko Kolontár ili wanakijiji wapate kuvuka na kuokoa vitu vyao. Siku tano baada ya maafa nyufa mpya zilionekana katika ukuta uliobaki. Kijiji kizima kikahamishwa, na askari wakawekwa tayari kuuhamisha mji wa Devecser wakati wowote. Mchana na usiku ukuta mpya ulijengwa kati ya bwawa na nyumba za watu.

Ndugu askari wafikirie kazi hiyo. Adui hakuwa na bunduki wala hakuja kwa siri. Alikuwa amekaa juu ya kilima miaka mingi, machoni pa kila mtu. Picha iliyopigwa kutoka angani miezi michache kabla ya maafa ilionyesha tope likivuja ukutani, lakini ilitangazwa hadharani baada ya watu kufa. Wakuu kadhaa wa kiwanda walishtakiwa. Mahakama iliwaachilia mwaka 2016, kesi ikasikilizwa upya, na mwaka 2019 baadhi yao wakahukumiwa vifungo. Hukumu hiyo haikumrudisha hata mmoja wa waliokufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii tuliifundishwa tukiwa watoto, na huko Ajka ilitimia neno kwa neno.

Na kuna jambo moja ambalo halikusemwa sana wakati ule. Kiwanda hicho hicho cha Ajka kilikuwa miongoni mwa viwanda vichache vya Ulaya vilivyokuwa vikitoa galiamu. Wataalamu wake walijua kulikamata madini adimu ndani ya maji ya soda, hali nje ya ua tope lenyewe lilikuwa likisubiri nyuma ya ukuta mbovu. Kilichokuwa na bei kilipewa mlinzi. Kisichokuwa na bei kiliachwa. Mwaka 2015 hata galiamu yenyewe Hungaria iliacha kuitoa, kwa kuwa bei ilikuwa imeshuka.

GALIAMU ILIVYOKUWA SILAHA

Galiamu iligunduliwa na Mfaransa Lecoq de Boisbaudran mwaka 1875. Ni madini laini ya rangi ya fedha, nayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 30 hivi, hata mtu akiishika kiganjani hugeuka maji. Katika boksiti imo kidogo sana, kwa wastani gramu 50 hivi katika kila tani. Hapana mtu atakayechimba tani nzima ya udongo kwa ajili ya gramu 50. Lakini kiwanda cha alumina hutumia maji yale yale ya soda mara kwa mara, na kila yanapozunguka hubeba galiamu nyingine kidogo, mpaka inakuwa nyingi ya kutosha kunaswa. Kiwanda kisichokuwa na mtambo wa kuinasa huipoteza, nyingine ikienda pamoja na tope na nyingine ikiingia katika alumina bila faida.

Ikichanganywa na aseniki au na naitrojeni, galiamu hutengeneza vipande vidogo vya elektroniki vinavyostahimili joto na nguvu kubwa ya umeme kuliko vile vya silikoni. Faida yake kwa jeshi ni rahisi kuieleza. Rada yenye vipande hivyo huweza kutoa mawimbi yenye nguvu zaidi bila ya kuongezewa ukubwa, na hivyo humwona adui akiwa mbali zaidi. Rada ya AN/TPS-80 ya kikosi cha Marine cha Marekani ni moja ya zile zilizojengwa kwa njia hiyo. Taa ndogo za kisasa, simu za mkononi na mitambo ya setilaiti nazo huitumia.

Mwaka 2024 dunia nzima ilitoa chini ya tani 1,000 za galiamu ghafi, hali alumini ilizidi tani milioni 70. Katika galiamu hiyo, China ilitoa karibu asilimia 99. Marekani haijatoa galiamu ghafi tangu mwaka 1987.

Ilikuwaje? Katika miaka iliyofuata 2010, China ilikuwa imekuwa nchi inayosafisha alumina nyingi kuliko nyingine zote, na viwanda vyake vingi vikafungiwa mitambo ya kunasa galiamu. Galiamu ikajaa sokoni, bei ikaanguka. Wenye viwanda katika nchi nyingine wakapiga hesabu zao, wakaona hakuna faida, wakafunga mmoja baada ya mwingine: Kazakhstan mwaka 2013, Hungaria mwaka 2015, Ujerumani mwaka 2016, Ukraine mwaka 2019. Kwa hesabu ya duka huenda walikuwa na haki. Kwa hesabu ya ulinzi walikuwa wakikabidhi ufunguo wa ghala la silaha kwa mtu mmoja, kwa sababu tu siku hiyo ufunguo ulikuwa rahisi.

Sasa wanahangaika kuurudisha. Mwezi Oktoba 2025 Marekani na Australia zilitia sahihi mapatano ya madini, na ndani yake wizara ya ulinzi ya Marekani iliahidi kutia fedha katika kiwanda cha galiamu huko Australia ya Magharibi, cha kutoa tani 100 kwa mwaka, nacho kimepangwa kuunganishwa na kazi ya kusafisha alumina iliyopo. Ugiriki, kampuni ya Metlen ilitangaza mwezi Januari 2025 mpango wa kutoa tani 50 kwa mwaka ifikapo 2028. Na huko Gramercy, katika jimbo la Louisiana, wizara hiyo hiyo ya ulinzi ya Marekani ilitoa mwaka 2025 karibu dola milioni 30 ili kujaribu kuitoa galiamu na skandiamu katika tope jekundu lenyewe, lile lililokwisha kutupwa. Wanajeshi wanalipia kuchambuliwa kwa jalala! Miaka ishirini iliyopita jambo hilo lingechekwa.

CHUMA, SKANDIAMU NA UDONGO WA BUSTANI

Galiamu ni sehemu ndogo tu ya yaliyomo. Katika tope jekundu, kutu ya chuma yaweza kufika hadi asilimia 60. Mwezi Januari 2024 wataalamu wa taasisi ya Max Planck ya mambo ya chuma huko Düsseldorf, Ujerumani, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyolitia tope hilo katika tanuri la umeme lenye gesi ya haidrojeni kidogo, na katika muda wa dakika kumi hivi wakapata chuma safi kinachojitenga chenyewe. Kilichobaki hupoteza ukali wake, kikafaa kwa kazi ya ujenzi. Tanuri lao lilikuwa dogo la maabara, na kutoka maabara hadi kiwanda ni safari ndefu. Hata hivyo njia imekwisha kuonyeshwa.

Skandiamu nayo imo, kidogo lakini yenye bei. Ikitiwa chembe katika alumini huifanya iwe ngumu bila kuiongezea uzito, na Warusi waliitumia katika sehemu za ndege zao za kivita kama MiG-29. Huko Abu Dhabi, ambako kiwanda cha Al Taweelah kimesafisha boksiti iliyotoka Guinea, kampuni ya Emirates Global Aluminium imetengeneza kutokana na tope hilo udongo wa kuoteshea mimea, ikauita Turba, neno la Kiarabu lenye maana ya udongo. Viwanda vya saruji navyo vinaweza kulitumia kwa kiasi, kwa ajili ya chuma na alumina zilizomo.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba kila tope ni dhahabu. Mpaka leo sehemu inayotumika ni ndogo sana kulinganisha na inayotupwa. Tope lina maji mengi, na kuyakausha na kuyasafirisha ni gharama; soda iliyomo huharibu matanuri na kudhoofisha saruji; na udongo wa mgodi mmoja si sawa na wa mwingine, hata njia inayofaa Ugiriki yaweza isifae Jamaika. Mtu atakayekuja kuuza mtambo wa kugeuza tope lote kuwa fedha kwa mwaka mmoja apokewe kwa tahadhari. Lakini tofauti kati ya nchi zilizofaulu na zilizoshindwa haikuwa akili ya kemia peke yake. Wahungaria na Wajerumani walikuwa nayo tangu zamani. Tofauti ilikuwa katika kuamua kwamba kitu fulani kihifadhiwe hata katika siku ambayo hakina bei. Akiba haiozi.

SWALI LINAKUJA AFRIKA

Msomaji atauliza: haya yote yatuhusu nini sisi, ambao hatuna bwawa hata moja la tope jekundu? Yanahusu bara letu zaidi ya tunavyodhani.

Guinea, katika Afrika ya Magharibi, ndiyo yenye akiba kubwa ya boksiti kuliko nchi zote, nayo hupeleka nje zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, sehemu kubwa ikienda China. Kwa muda mrefu kiwanda chake cha kusafisha alumina kilikuwa kimoja tu, kile cha Fria kilichoanza kazi mwaka 1960. Nacho kilifungwa mwaka 2012 kwa mgogoro wa wafanyakazi, kikafunguliwa tena mwaka 2018. Maana yake ni kwamba kila meli inayoondoka pwani ya Guinea na boksiti huondoka pia na galiamu, skandiamu na chuma, na hakuna mstari wa hati ya meli unaozitaja. Muuzaji amelipwa udongo. Mnunuzi amepata na yaliyomo.

Serikali ya Guinea imechoka na biashara hiyo. Imewadai wachimbaji wajenge viwanda vya kusafisha ndani ya nchi, na mwaka 2025 iliifuta leseni ya kampuni ya Guinea Alumina Corporation, tawi la Emirates Global Aluminium, baada ya mzozo juu ya jambo hilo hilo. Mwaka huo huo kampuni moja ya China ilianza kazi ya kujenga kiwanda cha alumina katika wilaya ya Boffa.

Tunaunga mkono dai la kusafisha madini nyumbani. Lakini ni wajibu wetu kusema lile ambalo hotuba za kuweka mawe ya msingi hazilisemi: kiwanda cha alumina kinapokuja, tope jekundu linakuja pamoja nacho. Kwa kila tani ya unga mweupe utakaopakiwa melini, tani moja na zaidi ya tope itabaki juu ya ardhi ya Afrika, katika nchi zenye mvua za masika za kuvunja kuta za udongo. Nchi itakayotia sahihi mkataba bila ya kuuliza juu ya galiamu itakuwa imepewa taka na kunyimwa hazina. Na itakayosahau kuuliza juu ya ukuta wa bwawa itakuwa imejijengea Ajka yake. Maswali yote mawili yaulizwe siku moja, katika mkataba mmoja, kabla ya tingatinga la kwanza kuingia.

TULICHOKIONA KASESE

Sisi wenyewe si wageni wa mambo haya. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulifanya kazi tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uliacha mjini Kasese lundo la karibu tani milioni moja za mabaki yenye kiberiti, chuma na kobalti. Mvua zilinyesha juu ya lundo hilo, zikatiririsha asidi iliyokausha majani hata ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kuelekea ziwa George. Kwa miaka mingi lilitazamwa kama balaa lisilokuwa na mwenyewe.

Mwaka 1999 kiwanda kilianza kulichambua lundo hilo kwa kutumia bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula kiberiti na kuiachilia kobalti. Kobalti ya Kasese iliuzwa ng'ambo, nayo kobalti ni madini yatumikayo katika injini za ndege za kivita na katika betri. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi lundo likamalizika. Kilichokuwa kikiua majani kikawa mshahara wa watu na fedha za kigeni. Ukarabati wa ardhi haukukamilika kama ilivyopasa, na shaba ya Kilembe ina hadithi yake nyingine. Lakini hapana atakayetuambia kwamba kazi ya namna hii haiwezekani katika ardhi yetu.

Kwa alumini pia tunao mfano mdogo wa kila siku. Mafundi wa Katwe, jijini Kampala, huyeyusha vyuma chakavu vya alumini wakafua sufuria, na kuyeyusha alumini ya zamani hutumia takriban asilimia 5 tu ya nguvu inayohitajika kuitoa katika boksiti. Juu ya alumini iliyoyeyuka huja ukoko, ambao wahunzi huuita mavi ya chuma. Ndani ya ukoko huo mara nyingi imebaki alumini nyingi, na viwanda vikubwa huukamua ungali wa moto. Wetu hutupwa jalalani. Hiyo nayo ni mali bila daftari.

KAZI YA ASKARI

Tumalizie kwa yale yanayomhusu askari moja kwa moja.

Kwanza, askari ajue kinachotunzwa katika eneo lake. Katika kila wilaya yenye kiwanda au mgodi pana bwawa, lundo au shimo la mabaki. Mkuu wa kituo cha polisi anayejua idadi ya baa na ya magari ya abiria katika eneo lake hana budi kujua pia bwawa hilo liko wapi, nani mwenye funguo, vijiji gani viko chini yake, na watu watapita njia ipi likivunjika usiku. Huko Kolontár muda kati ya ukuta kupasuka na tope kufika majumbani ulikuwa wa dakika chache. Katika dakika hizo hapana nafasi ya kutafuta ramani.

Pili, afahamu tabia ya adui huyu. Soda kali haichomi kama moto. Mtu aliyelowa hupata maumivu baadaye, ngozi ikiwa imekwisha kuharibika. Dawa ya kwanza ni kuvua nguo zilizolowa na kuosha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha hospitali. Ukoko wa alumini una tabia nyingine: ukirushiwa maji hutoa gesi ya kulipuka na nyingine ya kukaba pumzi, na alumini iliyoyeyuka hulipuka ikikutana na maji. Penye moto wa namna hiyo hutumika mchanga mkavu.

Tatu, aelewe thamani ya anacholinda. Askari anayelinda lango la benki hahitaji kuelezwa sababu. Anayelinda lundo la mabaki huona ametupwa mahali pa adhabu. Lakini habari za galiamu zinaonyesha kwamba lundo la leo laweza kuwa ghala la kesho, na kwamba wako watakaolitamani kabla ya wenyewe kujua kilichomo. Lori linalotoka mgodini likiwa na "mchanga tu" au "uchafu tu" lisipitishwe kwa maneno ya dereva. Karatasi ziangaliwe, na penye shaka sampuli ipelekwe kwa wakaguzi wa madini.

Nne, atoe habari mapema. Ufa unaoonekana na doria ya alfajiri, maji mekundu yanayochuruzika chini ya ukuta, samaki wanaoelea kijitoni: mambo haya yaandikwe katika daftari la matukio na kupelekwa juu siku hiyo hiyo, hata kama mwenye kiwanda ni mtu mkubwa na anasema hakuna neno. Huko Ajka ushahidi wa ufa ulikuwapo kabla ya msiba, na kazi yake ikawa kueleza kwa nini watu wamekufa.

Nguvu ya taifa haipimwi kwa bunduki zilizomo ghalani peke yake. Hupimwa pia kwa yale ambayo taifa limeyahesabu na kujua yako wapi. China ilihesabu gramu 50 katika tani ya udongo, na mataifa makubwa yakaja kuomba kibali. Hungaria haikuhesabu ukuta mmoja, na watu kumi wakazikwa. Daftari la namna hiyo huanzia mikononi mwa askari wa doria, anayeandika alichokiona pamoja na saa aliyokiona.